Namba Nilizozikata kwa Kalamu Nyekundu

Mwanangu Rehema,

Uko Sepuka kwa bibi yako, na ninajua utarudi na kuku. Utamkatalia, na bado kesho kuku atakuwa ndani ya basi. Kwa hiyo nina muda mpaka jua lishuke. Nimekaa kwenye benchi la karakana, mlango nimeufunga kwa sababu ya upepo, na karatasi nimeikandamiza kwa randa ili isiruke.

Mambo ya safari yako ya Dodoma, ya blanketi, ya kufika salama, ya kupiga simu, shangazi yako ameshakwambia yote, tena mara mbili. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu mwaka jana. Ningeweza kukueleza kwa mdomo siku yoyote, tukila, tukipiga msasa, tukirudi kutoka kanisani. Sikuweza. Hata leo ninaandika kwa sababu ukinitazama usoni nitaanza kuzungumzia jambo lingine.

Ile biti, kile kisu cha mashine, haikuvunjwa na namba zako. Niliivunja mimi.

Nimeiandika sasa. Nilisimama, nikazunguka karakana, nikarudi kuketi. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana nusu yake hukuiona.

Unakumbuka siku mjomba wako Elia alipoileta mashine ya CNC kutoka Arusha, ikiwa vipande vipande ndani ya maboksi mawili? Alisema inachonga yenyewe kwa kufuata kompyuta, nami nikacheka. Nimechonga milango na vitanda kwa mkono tangu nilipomaliza darasa la saba. Mama yako akasema, "Baba Rehema, usicheke kitu ambacho hujakiona kikifanya kazi." Wewe ulikuwa umeshapiga magoti sakafuni unapanga skrubu kwa ukubwa, kama ulivyokuwa unapanga taka za randa ulipokuwa na miaka minne. Ndefu kwenye kopo moja, zilizojikunja kwenye kopo lingine, na za mninga hukutaka zichanganyike na za paini. Nilidhani ni mtoto anacheza.

Mashine ikaunganishwa, ikachonga mbao. Vibao vya maduka, majina ya maharusi kwenye vitanda, maua ya alizeti kwenye mlango wa mchungaji. Watu wakaanza kuingia hapa wakiuliza, "Yule binti yupo?" na mimi nimesimama mbele yao na msumeno mkononi. Nilikuwa nasema yupo, nakuita. Sikuwahi kukuonyesha kwamba iliniuma kidogo. Nakuambia leo kwa sababu, bila hilo, utafikiri yaliyofuata yalikuwa woga peke yake. Hayakuwa woga peke yake.

Halafu kikundi cha kina mama wafuga nyuki cha Mgori, kijijini kwa mama yako, kikataka kalibu ya kugandishia nta. Walikuwa wanagandisha nta kwenye makopo, kila bonge na umbo lake. Mama yako ndiye aliyewazuia wasiagize kalibu mbali. Alisema mbele ya wote, "Mwanangu ataichonga. Vyumba sita, na kila chumba kiwe na nyuki wake chini." Wakatafuta bamba la alumini, nene kama vidole viwili vilivyolazwa, wakalileta wenyewe limeviringishwa kwenye kanga kama kichanga.

Sisi tulijua mbao. Alumini hatukuijua, na hatukuwa na wa kumuuliza. Ulijifundisha mwenyewe wiki mbili kwenye kipande cha chakavu, na lile daftari lako la bluu. Safu nne: biti, mota, mwendo, kina. Na pembeni ukaandika jambo ambalo mimi niliona la kitoto, taka zilivyotoka. "Unga." "Unga, inanuka." "Nyuzi." Kurasa nne, tano, za unga na nyuzi na biti mbili zilizokufa. Mpaka ukafika ukurasa ulioandika "punje kama chumvi ya mawe, biti haina moto," ukauzungushia duara mara mbili. Biti ya jino moja, milimita tatu. Mota kwenye namba mbili, yaani mizunguko kama elfu kumi na mbili kwa dakika. Mwendo milimita mia sita kwa dakika. Kina robo milimita kila inapopita. Mafuta ya taa kwa brashi, na taka kupulizwa kwa pampu ya baiskeli.

Ukaniita. "Baba, angalia taka. Zikiwa unga, biti inasugua, haikati. Zikiwa punje, inakula."

Nikasema, "Na hiyo kelele?"

"Kelele ya kula hiyo. Hata wewe ukila muhindi wa kuchoma tunakusikia mpaka jikoni."

Mama yako alicheka kutoka hukohuko jikoni.

Siku ya kazi yenyewe vyumba vinne vilikuwa vimekwisha, vizuri, na nyuki wanne wananing'aria. Mafuta ya taa yakawa yamebaki ya kupaka dakika chache tu. Ukanipa brashi. "Nakimbia dukani, Baba. Wewe paka tu, usiguse kitu. Ikilia vibaya bonyeza hicho chekundu." Ulisema kwa adabu, lakini mgongo ulikuwa umeshageuka. Nikabaki kwenye karakana niliyoijenga kwa mikono yangu, nimeambiwa nisiguse kitu.

Biti ikafika kwenye kona ya chumba cha tano ikalia kwa sauti ya juu, na meza ikatetemeka. Bamba lilikuwa la watu. Sikubonyeza chekundu. Nilisema moyoni, mtoto huyu ana haraka, nikafanya kama ninavyofanya na ubao mgumu nikitaka uso laini. Niliongeza mota, kutoka namba mbili mpaka tano. Kwenye kompyuta nikashusha mwendo kutoka asilimia mia mpaka ishirini na tano. Kitufe hicho ulinionyesha wewe mwenyewe. Kelele ikatulia, ikawa kama mtu anaimba na mdomo kafumba. Nikajiambia, mikono ya mzee bado inahitajika hapa.

Nilikuwa napaka mafuta huku natabasamu, Rehema. Hilo ndilo linalonirudia mara nyingi. Taka zilikuwa zimeacha kuruka, ukawa unatoka unga wa kijivu, na mimi niliyeonyeshwa unga maana yake nini sikuutazama. Nilisikiliza kelele tu, na kelele ilikuwa imenyamaza. Kisha ikaja harufu. Kisha nikaona biti imevimba, alumini imegandana nayo pande zote kama utomvu. Kabla mkono wangu haujafika kwenye kitufe ikapotoka, ikachimba, ikamkata katikati nyuki wa tano aliyekuwa ameshaanza kuonekana, ikakatika tak! Kipande kikapiga bati la ukuta.

Biti kuvunjika ni kazi. Kila fundi anavunja. Kama ningekuacha uingie ukute mota kwenye namba tano, ungenisema kidogo, tungecheka, ungetafuta biti nyingine. Lakini nilizima mashine, na kabla sijavuta pumzi mkono wangu ukairudisha mota kwenye namba mbili. Ukarudisha mwendo kwenye mia. Nimejaribu kujiambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Si kweli. Nilijua ninachofanya, ila nilikifanya haraka ili nisipate nafasi ya kujiona.

Uliingia na chupa ya mafuta unahema. Ulitazama bamba, ukatazama mota, ukatazama kompyuta. Kila kitu kilikuwa pale ulipokiacha. Ukaokota unga kwa kidole, ukaupikicha, ukasema polepole, "Lakini huu ni unga, Baba."

Ulibakiza hatua moja tu uufikie ukweli. Nikaja nikasimama katikati ya njia. Nikasema, "Namba zako zilikuwa kubwa, mwanangu. Alumini si mbao, inataka taratibu." Nikachukua kalamu nyekundu tunayoandikia oda, nikaukata ule ukurasa wenye duara, mstari mmoja kutoka kona hadi kona. Hukubisha. Hujawahi kunibishia, na siku ile nililitumia hilo.

Jioni mama yako akaja na wageni wawili wa kikundi, waje waone. Mmoja wao, Mama Agnes, aliinama juu ya bamba. "Jamani, nyuki gani huyu kakatwa kiuno? Akitaka kuruka itabidi tumfunge mkanda." Wakacheka, hawakuwa na ubaya. Mama yako hakucheka. Aliwaomba radhi, akawasindikiza mpaka barabarani, na aliporudi akasimama mlangoni. "Haraka zako, Rehema. Nimekutetea mbele za watu, wewe na haraka zako." Mimi nilikuwa nanoa patasi ambayo ilikuwa kali tayari.

Toka hapo jina likakukaa. Rehema Haraka. Hata Elia alikuita hivyo kwenye simu. Wewe uliyetumia wiki mbili kutazama taka za chuma! Bamba likawekwa nyuma ya mlango, kikundi kikarudi kwenye makopo yao, nawe ukarudi kwenye vibao vya mbao. Hukugusa alumini tena. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukwambia. Kila siku nzuri ilipokuja niliona ni vibaya kuiharibu.

Mvua zilipoanza mama yako akalazwa. Siku moja kabla hajatuacha alikuwa na nguvu kidogo, akaomba maji, akanishika mkono. Akasema, "Mwambie Rehema apunguze haraka. Mikono anayo. Ni haraka tu." Alisema akitabasamu. Mle wodini tulikuwa sisi wawili na mgonjwa mmoja aliyelala. Maneno machache yangetosha. Ningesema, "Nilivunja mimi, Mama Rehema," angenipiga kikofi cha mkono kama alivyozoea, akasema, "We mwanaume, we." Nadhani angesamehe kabla sijamaliza. Lakini aliamini kwamba ana mume asiyesema uongo, na nilitaka aondoke akiamini hivyo. Nilichagua jina langu, nikaacha lako.

Nikasema, "Nitamwambia."

Na nilikwambia. Siku ya tatu baada ya mazishi, umeketi kwenye mkeka kati ya shangazi zako, nilikuja nikachuchumaa nikakupa ujumbe ule kama alivyousema. Ukaitikia kwa kichwa. Ulisema, "Asante, Baba." Sijawahi kusikia asante nzito kama ile.

Nilienda kaburini baadaye, nikamweleza yote. Nilirudi vilevile. Kumwambia mtu kaburini si sawa na kumwambia kitandani, na mimi kitandani nilikuwepo.

Sasa, kwa nini leo. Mwezi uliopita nilikusikia ukizungumza kwenye simu na yule mkubwa wa karakana ya Dodoma. Nilikuwa nyuma ya kabati napiga gundi. Alikuwa anataka mtu wa kushika mashine ya alumini, wewe ukamjibu, "Mbao naweza, kaka. Alumini hapana. Mkono wangu una haraka, hata nyumbani wanajua." Kisha ukakubali kazi ya kupiga msasa na kupaka vanishi. Ulikata simu ukaendelea kufagia. Nilibaki pale nyuma ya kabati mpaka gundi ikakauka kwenye brashi.

Ulipokwenda Kinyangiri kumuaga rafiki yako, nilifunga karakana siku tatu. Nilichukua daftari lako, nikasoma namba chini ya mstari wangu mwekundu. Kwanza nilifunga kile kipande cha chakavu nikakikata kwa namba zangu, mota tano, mwendo robo. Nilitaka kuhakikisha, au labda nilitaka nipate hata chembe ya kujitetea. Biti ilivimba kabla sijafika nusu. Nikaibadilisha, nikaligeuza bamba la kikundi upande wa pili ulio mzima, nikafungua mchoro wako kwenye kompyuta, nikaweka namba zako. Ikaanza kula, kelele ileile. Mkono ukawa unataka kwenda kwenye mota. Niliukalia, Rehema. Niliweka mkono wa kulia chini ya paja nikaukalia kama mtoto mtundu kanisani, na wa kushoto ukawa unapaka mafuta. Zikatoka punje. Punje kama chumvi ya mawe, zinaruka mpaka kwenye ndevu.

Ndipo nikaelewa, nikiwa na mvi hizi. Jino likizunguka lazima lipate kipande cha kuuma. Ukiliongezea mzunguko na kulipunguzia mwendo, halipati cha kuuma, linasugua palepale, linapata moto, na alumini inalainika na kuling'ang'ania. Na nilijua! Ukisita na ruta ya mkono, ile mashine ndogo ya kuchongea, kwenye mninga, mbao inaungua, inabaki alama nyeusi. Nimewahi kukukemea kwa hilo. Niliyoyajua kwenye mbao yote yalinitoka kwa sababu ya kelele na kwa sababu ya "usiguse kitu." Ukiogopa huko uendako, punguza kina. Au ukipunguza mwendo, punguza na mota, viende pamoja. Lakini haya unayajua. Yamo kwenye ukurasa wako, kwa mwandiko wako, chini ya uongo wangu.

Jumapili iliyopita nilipokwambia nakwenda kuangalia mbao, nilikwenda Mgori. Niliwakuta kina mama nje baada ya ibada, nikamwomba Mama Agnes awaite wakae. Nilisimama nikawaambia kama nilivyokuandikia, mpaka mota, mpaka kalamu.

Mama Agnes akasema, "Shemeji. Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na dada yetu akaondoka nalo."

"Akaondoka nalo."

Akafunga kanga yake upya, akatazama pembeni. Hakunipa mkono, na sikuutegemea. Ni yule bibi wa mwisho wa benchi, asiyesikia vizuri, aliyeuliza, "Sasa mnamtazama tu? Kalibu iko wapi?"

Nikasema iko tayari, isipokuwa nyuki mmoja.

"Haa! Mwaka jana kakatwa kiuno, mwaka huu hajazaliwa?"

Wakacheka, na mimi machozi yakanitoka palepale mbele yao. Mama Agnes akaniambia nikae kabla sijaanguka. Aliponisindikiza kwenye bodaboda akasema, "Mtoto mwenyewe anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi hujamaliza. Sisi ulitukosea bamba tu."

Nyuki wa sita nimemwacha kwa makusudi, sikumkata. Chumba chake kimechimbwa, ila chini ni tambarare. Bamba nimelifunga mezani, sikulilegeza. Biti mpya ya jino moja iko kwenye kile kikopo chako cha taka za mninga. Ndiyo, ninacho bado. Daftari nimeliweka juu ya kompyuta. Mstari mwekundu haufutiki, nimejaribu kwa ufutio na kwa wembe, nikaishia kutoboa karatasi. Kwa hiyo nimeandika pembeni: "Namba hizi ni sahihi. Aliyezikata alikuwa anadanganya." Nikaweka sahihi yangu, ile ninayoweka kwenye oda.

Basi lako linaondoka kesho saa nne asubuhi. Nyuki mmoja hachukui saa nzima. Mama Agnes atakuwa stendi, amesema kalibu ataipokea mikononi mwako, si mwangu. Yule mkubwa wa Dodoma umpigie au usimpigie, hapo sina neno. Ukitaka kulala mpaka muda wa safari na usinisemeshe, nitakubebea begi mpaka stendi bila kuuliza.

Ila ule ujumbe niliokuletea pale kwenye mkeka, nakuomba unirudishie. Mama yako aliutuma akiwa amedanganywa. Sehemu yake moja tu ndiyo yake kweli, ile aliyosema mikono unayo. Hiyo kaa nayo.

Nasikia bodaboda, na nasikia kuku. Barua naiweka ndani ya daftari. Kesho alfajiri nitawasha taa ya karakana, nitajaza mafuta ya taa kwenye kopo, nitashika pampu ya baiskeli na kusimama upande ule wa ukutani, mbali na mota. Ukija, sema tena kama ulivyosema siku ile, usiguse kitu, Baba. Safari hii nitaitika.

Baba yako.